Msiba wa Kirikuu

Tak, tak, tak. Ndivyo ilivyokuwa inasikika, kama mtu anayegonga geti la bati kwa ufunguo, hana haraka lakini hana mpango wa kuondoka. Mwanzo nilidhani ni viti. Tulikuwa tumebeba viti vya plastiki mpaka juu kwenye kirikuu, kigari chetu kidogo cha mizigo, tumevifunga kamba, na barabara ya kutoka Mbagala ina mabonde yake, kwa hiyo viti huwaga vinaongea njia nzima. Mama mdogo yeye hakudhani hivyo. Alizima redio, akainamisha kichwa kama anavyofanyaga akimsikiliza mtu mwenye sauti ndogo, akasema, "Hivyo sio viti."

Tukasogea kidogo. Ile tak ikaanza kukimbia, ikawa inapishana yenyewe kwa yenyewe, halafu likaja pigo moja zito chini yetu, maana injini ya kirikuu inakaa chini ya viti vya mbele, ikiumia unaisikia mpaka kwenye uti wa mgongo. Baada ya pigo, kimya. Kirikuu ikateleza yenyewe hadi pembeni pale Mtongani, ikasimama mbele ya muuza mihogo, naye akatuuliza tunataka ya kukaanga au ya kuchoma.

Niseme kwanza mama mdogo ni nani. Ni mdogo wake mama yangu, ametokea Singida zamani, mie bado sijazaliwa, na tangu nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yangu yakatoka vile yalivyotoka, naishi kwake Tandika. Kazi yake ni kukodisha viti, maturubai na masufuria makubwa ya shughuli. Harusi, ubatizo, maulidi, kipaimara, msiba, kote huko tunaingia. Mie ni msaidizi wake. Kichwani mwangu lakini mie ni mpambaji. Nikipanga viti naona tayari vitambaa vyeupe vimeshuka kutoka juu kama mawingu, naona maua, naona bibi harusi anasimama mlangoni hawezi kuingia kwa kushangaa. Mama mdogo huwa ananigusa bega: "Wewe, umeenda wapi? Rudi, bado viti vya wanaume."

Hiyo kirikuu aliinunua mpya. Mtaani kwetu mtu ananunua gari la mkononi, lililopita kwa huyu na yule, na wengi walimwona anajikweza. Yeye alisema anataka gari ambalo halina siri za mtu mwingine. Wauzaji wakampa na waranti ya miaka miwili, yaani ahadi ya kiwanda kwamba kitakachoharibika humo ndani watatengeneza wao. Naye akalitunza kama yai. Kumwaga oili alikuwa anapeleka kwao wenyewe, wala hakusubiri kukumbushwa. Waranti ikaisha kabla ya Ramadhani. Gari likafa Mfunguo Mosi, Ramadhani imekwisha tu, harusi zimepamba moto, simu ya mama mdogo haipumziki.

Tulivutwa hadi nyumbani na kirikuu nyingine kuukuu, imeliwa na kutu, mlango umefungwa kwa waya. Dereva wake alikuwa kijana mcheshi.

"Mama, hii si ndo ile zero kilometa?" alisema akifunga kamba. "Mbona inavutwa na babu yake?"

"Babu anamrudisha mjukuu nyumbani," mama mdogo akamjibu. "Kuna ubaya gani? Vuta taratibu tu, mjukuu kachoka."

Alikuwa anacheka, lakini nikaona ameshika usukani kwa mikono miwili kama gari linakwenda kasi.

Fundi wetu ana gereji yake nyuma ya nyumba kama hatua chache hivi. Alikuja, akafunua kiti, akauzungusha mtambo kwa mkono, akasikiliza. Halafu akajifuta vidole kimoja kimoja kabla ya kusema, na mie nikajua, maana fundi akiwa na habari njema hajifuti.

"Imenoki, mama."

"Kunoki ndo nini hasa? Nisemee vizuri, nikalale nikijua."

"Ndani kumekauka. Vyuma vimesagana vyenyewe kwa vyenyewe. Oili ipo, tena safi, lakini naona haikuwa inapanda juu. Hapa ni injini nyingine, mama. Sikufichi. Ya mtumba inapatikana, ila na yenyewe ni bahati nasibu."

Mama mdogo akaitika tu. Kisha akasema lile neno ambalo lilinikata maini: "Hii ikinishinda, nauza viti narudi Singida kulima alizeti."

Kwa wasiojua kazi yetu, viti bila gari ni plastiki tu iliyorundikwa. Mteja anamchagua anayemletea mpaka mlangoni na kuja kuchukua. Tukikosa gari, ndani ya msimu mmoja wateja wote wangekuwa wa watu wengine. Na mama mdogo akiondoka, nyumba hiyo inaondoka, na mie nabaki na mawingu yangu ya vitambaa sijui nitayatundika wapi. Nikaenda kushusha viti, maana fundi alitaka gari jepesi ili asubuhi alisukume hadi gereji.

Sasa hapo kwenye kushusha ndipo mambo yalipoanza. Ile shughuli ya Mbagala ilinyeshewa, na turubai lilikuwa limelowa chepechepe. Turubai likikunjwa bichi linaota ukungu, linanuka, hakuna bibi harusi atakayekaa chini yake. Kwa hiyo tukalisimamisha pale pale nje kwenye nguzo zake likauke. Viti tukavipanga chini yake, na kwa mazoea ya mikono yetu tukavipanga mistari, upande huu na upande ule, katikati njia. Tukalala.

Asubuhi niliposikia watu nje nilidhani ni wateja. Nikatoka na ndoo mkononi. Mama mdogo alikuwa amekaa kiti cha mwanzo, khanga imefunika mabega, kidevu kwenye kiganja, anaangalia kirikuu. Pembeni yake alikuwa mama chapati, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, kajitanda khanga kichwani. Nyuma yao wanawake wengine wanne watano, wote wamejitanda. Upande wa pili wanaume wameanza kukaa, na mzee wetu mjumbe wa mtaa kavaa koti.

Turubai, viti, mwanamke kashika tama. Ungepita wewe ungefikiri nini?

Mama mdogo yeye hakuwaza hilo kabisa. Aliona majirani wamekuja kumpa pole ya gari, akaguswa, akawa anajibu kwa unyenyekevu.

"Pole jamani, pole sana," mama chapati alikuwa anasema.

"Asante. Ndo hivyo tena."

"Ghafla hivi?"

"Ghafla. Tunarudi zetu, tumefika Mtongani, basi."

"Hakukuwa na dalili?"

"Hata kukohoa. Asubuhi tumetoka vizuri kabisa."

"Na umri wenyewe?"

"Mdogo. Miaka miwili, ndo kwanza imetimia juzi juzi."

Mama chapati akaanza kulia. Kulia kweli, mabega yanacheza. Nyuma yake nikasikia wananong'onezana, "Mtoto wa nani jamani? Kwani pale kuna mtoto?" na mwingine anajibu, "Atakuwa wa ndugu, wameletewa."

Mzee mjumbe akakohoa kidogo, akasogeza kiti. "Sasa binti yangu, na maziko mmepanga saa ngapi? Tujue vijana wa kwenda kuchimba."

Mama mdogo akamgeukia. "Kuchimba nini, mzee wangu? Fundi amesema kwanza afungue tumbo aone."

Mtu mmoja akasema astaghfirullah kwa sauti ndogo.

"Fundi," mzee alirudia taratibu. "Aliyefariki ni nani?"

"Sio nani, mzee," mama mdogo akasema, na hapo na yeye akaanza kuangalia turubai, viti, zile khanga vichwani, akapandisha mkono mdomoni. "Sio nani. Ni gari."

Kicheko kilianzia kwa wanaume nyuma kabisa. Kikaja mbele kama maji, mpaka kikamfikia mama chapati ambaye machozi yake hayajakauka, akawa anacheka huku analia, anampiga mama mdogo paja kwa kiganja. "Umeniliza miye kwa ajili ya chombo, wewe mwanamke. Nimeacha chapati kwenye moto."

"Miye ningejuaje kama unamlilia mtu? Nimeona unalia nikasema kumbe watu wananipenda."

Kitu ninachokipenda mpaka leo ni kwamba hakuna aliyeondoka. Sie kwetu ukishakaa chini ya turubai, umekaa. Huwezi kunyanyuka eti kwa sababu marehemu ana magurudumu. Mama chapati alikwenda akarudi na zile chapati zilizosalimika. Mwingine akaleta chai. Wanaume wakalisukuma gari hadi kwa fundi, wakarudi wakakaa tena, na mazungumzo yakawa ya magari, nani liliwahi kumfia wapi. Mzee mjumbe alivua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akasema kwa kuwa ameshaacha shughuli zake bora anywe chai.

Ndipo akaja Bi Mkubwa. Hilo sio jina lake, ni heshima tu, ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima. Wao ni Waarabu wa siku nyingi hapa, wana duka la jumla tangu baba yake, na yeye ndiye analiendesha. Aliingia na baibui lake jeusi, mkononi chupa ya kahawa ya tangawizi, anatembea kwa utaratibu wa mtu anayejua msibani panaingiwaje.

"Shikamoo Bi Mkubwa," nikampokea chupa.

"Marahaba mwanangu. Poleni. Nani kaondoka?"

Watu wakaanza kucheka upya, wakawa wanamweleza wote kwa pamoja. Yeye hakucheka. Alikaa karibu na mama mdogo akamuuliza, "Iligonga kwanza? Kama mtu yuko mlangoni?"

"Iligonga."

"Halafu ikapiga pigo moja ikazima."

"Hivyo hivyo. Umejuaje, Bi Mkubwa?"

"Na mimi ninayo kama hiyo, si unaiona ikipeleka sabuni madukani. Tuliinunua pale pale. Imekufa Shaabani, iko uani imefunikwa. Wenyewe waliniambia waranti imekwisha, na dereva atakuwa ameiendesha bila oili." Akawa anakunja pindo la baibui lake. "Na mimi nikamwachisha kazi yule kijana wa watu."

Nilimwona mama mdogo anabadilika uso. Huzuni ilipungua, pakaja kitu kingine, kama mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo gizani akaugusa. Akamwomba Bi Mkubwa ruhusa fundi aifungue na ile ya uani. Fundi alifungua zote mbili, akaja na vichuma viwili kwenye kiganja, sehemu ya pampu inayosukuma oili. Vyote vimelika mahali pamoja, upande ule ule, utadhani vimeng'atwa na jino moja.

"Hapa hakuna uzembe wa dereva," fundi alisema. "Vimezaliwa na ugonjwa."

Bi Mkubwa aliviangalia muda mrefu. Kisha akatoa simu ndani ya baibui, akampigia yule dereva wake mbele yetu wote. Hakuzunguka. Alimwambia, "Baba, nilikuonea. Njoo nyumbani tuzungumze, na kazi yako ipo." Mwanamke wa heshima ile, mbele ya watu wa mtaa. Niligeuka nikajifanya natafuta vikombe, maana machozi yalikuwa yananilengalenga.

Kwa wauzaji tulikwenda watatu, Bi Mkubwa, mama mdogo na mie, ndani ya bajaji moja kutoka Tandika mpaka Kinondoni. Mama mdogo alivaa kitenge chake cha kanisani. Vile vichuma nilivishika mie, vimefungwa kwenye kitambaa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno makali kichwani, maana nilijua patachimbika. Nilishamwona mama mdogo akigombana na mtu aliyerudisha viti vimevunjika miguu, namjua.

Ofisi yenyewe vioo vitupu, kiyoyozi kinatetemesha, magari mapya yamepangwa yananuka upya. Kijana wa mapokezi aliangalia kompyuta yake, akasema waranti imeisha, pole sana mama. Mama mdogo akaomba kuonana na mkubwa wake. Akatoka meneja, mwanaume bado hajafika makamo, tai shingoni, sura ya upole kwa kweli. Lakini alitoka nusu. Mguu mmoja nje, mwingine bado ofisini, mkono kwenye mlango.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa suala lako. Pole sana. Bahati mbaya muda wa waranti umeshapita. Pole kwa kweli."

"Marahaba. Asante, nimeipokea," mama mdogo akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaongea na mtu wa nyumbani. "Ila mwanangu, sie kazi yetu ni viti vya misiba. Sijawahi kuona mtu anatoa pole kasimama mlangoni. Anayetoa pole anakaa. Kaa basi, hata kidogo, ndo pole yako itanifika."

Meneja aliangalia nyuma, akaangalia kiti. Bi Mkubwa alikuwa ameshakisogeza. Nafikiri ni malezi tu yalimshika. Mtu aliyelelewa vizuri huwezi kumwambia maneno hayo kuhusu pole halafu akaendelea kusimama. Akakaa.

"Waranti najua imeisha," mama mdogo akaendelea. "Kusoma najua, na tarehe naziona. Sikuja kukudai hiyo. Nimekuja na swali moja. Nyie mnaozijua, injini hii mnategemea iishi muda gani?"

Meneja akatabasamu kidogo. "Inategemea na matunzo, mama."

"Matunzo nimefanya hapa hapa kwenu, mmenimwagia oili nyie wenyewe. Haya, kwa matunzo hayo, ingeishi miaka miwili?"

"Hapana," akasema. "Ingeishi miaka mingi."

"Asante kwa kunijibu."

Akanipa ishara, nikafungua kitambaa. Vile vichuma viwili vikalala mezani, vimelika mahali pamoja. Mama mdogo hakueleza chochote. Bi Mkubwa akasema tu, "Hicho chake. Hiki changu. Hatukujuana kama tuna ugonjwa mmoja mpaka juzi msibani."

"Msiba wa nani tena?" meneja akauliza, na sura yake imeingiwa na hofu ya kweli.

"Wa gari," mama mdogo akasema. Akamsimulia yote, mama chapati na machozi, mzee mjumbe na vijana wa kuchimba. Meneja alijitahidi kubaki meneja, akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alikuwa ameshika kile kichuma cha Bi Mkubwa, anakigeuza kwenye mwanga, na kicheko kikawa kinaondoka usoni pole pole.

Mie maneno yangu makali yote nilikuwa nayo mdomoni, yamekosa pa kutokea.

"Kuna na nyingine Kawe," meneja akasema hatimaye. Alisema chini chini, na kijana wa mapokezi akainua kichwa. Hakulazimika kusema. Angeweza kurudisha vichuma, kurudia pole, tukaondoka na hakuna ambaye angejua. "Mwenyewe anapeleka mikate. Tulimwambia kama tulivyowaambia nyie. Sikuyaunganisha mambo haya."

Alipiga picha vichuma vyote, mbele na nyuma. Akasema atawaandikia kiwandani, kwamba sio waranti, ni ombi, na wao wanaweza kukataa. "Siahidi kitu, mama."

"Usiahidi. Andika tu ulichokiona."

Tulipotoka nje jua likatupokea na joto lake. Nikamuuliza mama mdogo mbona hukumfokea. Akasema ukimfokea mtu unampa sababu ya kukuchukia, anaishika hiyo, anaacha kuifikiria injini. Kisha akauliza kama nina njaa.

Kusubiri ndiyo kulikuwa kugumu. Shughuli za jirani tulizifanya kwa guta, lile la matairi matatu, nasukuma mie nyuma mama mdogo mbele, viti vichache vichache, safari nyingi. Za mbali tukawa tunazikataa. Nilikuwa nasikia anavyokataa kwenye simu, kwa adabu ile ile, na baada ya kukata anabaki ameishika simu sikioni. Akatokea mzee mmoja wa Yombo, mwenye biashara kama yetu, akaja kuviona viti. Alivigeuza, akavikalia, akavisifu. Akasema anavichukua vyote na maturubai juu. Mama mdogo hakumkubalia wala kumkatalia. Ndivyo alivyo, mtu akishakunywa chai kwake hawezi kumwambia hapana. Akamwambia tutaongea, na mzee akawa anapiga simu kila baada ya muda mfupi, kwa upole, "Vipi mama, tumefikia wapi?"

Jioni moja tulikuwa tunaosha viti, akaniuliza bila kuniangalia, "Jua la Singida utaliweza wewe? Kule hakuna kivuli cha bure." Nikamjibu nitaliweza, nitavaa kofia pana, na maua ya alizeti ni mapambo tosha, utapamba nini tena. Akacheka. Mie nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Meneja alipiga mwenyewe, hakumtuma kijana. Mama mdogo aliweka sauti ya nje, mikono yake ilikuwa na povu. Kiwanda kimekubali kutoa injini, mpya, na pampu ya aina iliyorekebishwa. Kufunga na vikorokoro vingine vitakuwa juu yetu. Bi Mkubwa hivyo hivyo, na yule wa mikate wa Kawe hivyo hivyo. Akaeleza kwamba mara ya kwanza walimkatalia, akawaandikia tena, akawaambia wangekuwa wamekaa na hao akina mama mezani wasingeandika walivyoandika.

Mama mdogo alijifuta povu kwenye khanga, akaisogelea simu.

"Mwanangu," akasema, "asante kwa kukaa."

Siku ya kufunga injini fundi wetu alifunga gereji yake akaenda kusimama huko Kinondoni kwa wauzaji siku nzima, hakushika hata spana, eti anaangalia kama wanaijua kazi. Alirudi akasema wanaijua, na namna alivyolisema ilikuwa ni sifa kubwa, maana fundi hasifii fundi. Kirikuu ikaingia mtaani na mama mdogo kwenye usukani, injini inanguruma chini kwa chini, laini, hata muziki wa singeli wa kinyozi jirani ulikuwa unaifunika. Mama chapati alitoka na sahani iliyofunikwa. "Leo tunaanua matanga," akasema. Mzee mjumbe naye akaja, safari hii bila koti, akalizunguka gari akalipiga ubavuni kwa kiganja kama anavyopigwa ng'ombe aliyepona. Dereva wa Bi Mkubwa alipita na sabuni zake akapiga honi.

Mama mdogo alikula chapati mbili akaingia ndani. Nilipochungulia alikuwa amelala juu ya shuka na kitenge chake, viatu bado miguuni, mchana kweupe. Sikuwahi kumwona analala mchana. Nikamvua viatu.

Simu yake ilikuwa dirishani, ikaanza kuita. Nikaichukua haraka isimwamshe, nikatoka nayo uani. Alikuwa yule mzee wa Yombo.

"Vipi mama, tumefikia wapi?"

"Shikamoo babu. Mama amepumzika, ni mie."

"Marahaba mjukuu wangu. Basi mwambie, vile viti, niko tayari hata kesho nije na gari."

Nikaangalia viti. Vilikuwa vimerundikwa ukutani, vimeoshwa, vyeupe, vingine bado vinachuruzika maji. Nikatupia jicho mlango wa ndani, kama mtu anayeiba.

"Babu, viti haviuzwi. Vinakodishwa."

Akasema sawa mjukuu wangu, hakuna shida, nisalimie mama. Nikamwambia zimefika. Nikaizima simu, nikaiingiza mfukoni mwa dera langu, nikachukua kitambaa nikaanza kuvifuta vile vilivyokuwa bado vimelowa.